Flo wa Kakombe na Walioandika Habari Zake

Mwanzoni mwa Julai 1960 mji wa Kigoma ulifurika wageni ambao hakuna aliyewatarajia. Kongo ilikuwa imepata uhuru tarehe 30 Juni, siku chache baadaye askari wakaasi, na Wabelgiji wakaanza kuvuka Ziwa Tanganyika kukimbilia upande huu wakiwa na watoto, masanduku na hofu. Walilazwa kwenye ghala, wakalishwa na yeyote aliyejitolea. Miongoni mwa waliosaidia kuandaa mikate ya nyama ya kopo walikuwamo mama na binti wa Kiingereza waliokuwa wamekwama mjini kwa sababu ya ghasia hizo. Mama aliitwa Vanne. Binti aliitwa Jane Goodall, umri wake miaka 26, hana shahada yoyote, ametumwa na mtaalamu wa mabaki ya kale, Louis Leakey wa Nairobi, kwenda kuwatazama sokwe wa Gombe. Serikali ya kikoloni haikukubali msichana wa Kizungu akae porini peke yake, ndiyo maana mama yake akafuatana naye.

Tarehe 14 Julai wakapata boti. Kutoka Kigoma kwenda Gombe hakuna barabara hata leo. Watu hupanda boti za abiria pale Kibirizi, zikafuata ufuko kuelekea kaskazini, milima upande wa kulia ikishuka karibu wima hadi majini. Katikati ya mlima na mlima kuna bonde, na katika kila bonde kijito: Mkenke, Kakombe, Kasakela, Linda, Rutanga, hadi Mitumba. Msimu ule wa kiangazi wavuvi wa dagaa walikuwa wamepiga kambi ufukoni kama ilivyokuwa ada yao, usiku wakivua kwa karabai, asubuhi wakianika dagaa kwenye changarawe. Msitu wenyewe ulikuwa umehifadhiwa tangu 1943. Wenyeji waliujua vizuri kuliko mgeni yeyote, na tangu siku za mwanzo Jane alipandishwa vilimani na watu wa huku huku, mmoja wao Rashidi Kikwale, ambaye jina lake halisikiki sana nje ya Kigoma ingawa lilistahili kusikika.

Sokwe walimkimbia kwa miezi. Kisha mmoja, dume mwenye ndevu nyeupe aliyempa jina David Greybeard, akaacha kukimbia. Novemba 1960, mvua za kwanza zikiwa zimelainisha vichuguu, Jane alimwona David akichuma unyasi mrefu, akautumbukiza kwenye tundu la kichuguu, akasubiri, akauvuta taratibu ukiwa umejaa mchwa walioung'ang'ania kwa meno, akaupitisha mdomoni. Unyasi ulipopinda ncha alivunja kile kipande, au akaugeuza, au akatafuta mwingine wa kufaa. Siku nyingine alichukua kijiti chenye majani, akayapukutisha yote kwanza. Wataalamu wa Ulaya walikuwa wakifundisha kwamba binadamu peke yake ndiye anayetengeneza zana. Kwenye kichuguu cha Gombe fundisho hilo likaanguka.

Ugunduzi huo ndio uliomletea Jane fedha na heshima. Lakini watu hawakuipenda Gombe kwa sababu ya zana. Waliipenda kwa sababu ya Flo.

Flo alikuwa jike mkongwe, pua yake imevimba, masikio yamechanika, meno yamelika hadi kwenye ufizi. Kwa macho ya binadamu hakuwa na uzuri wowote, ila madume walimfuata kwa makundi. Alikuwa na heshima kubwa kati ya majike wenzake, na kama mama hakuwa na mfano: mpole, mwenye subira, mchezaji na watoto wake hata uzeeni. Wakubwa walikuwa Faben na Figan, halafu binti, Fifi. Tarehe 1 Machi 1964 akajifungua Flint, na ni huyo mtoto aliyewaingiza wasomaji wa dunia nzima ndani ya familia ile. Flint alikuwa sokwe wa kwanza wa porini kufuatwa tangu uchanga wake, wiki kwa wiki. Mara nyingine alinyoosha mkono kumgusa Jane, naye Flo akamwacha, akimshika kiunoni asiende mbali. Fifi aliomba ambebe mdogo wake, akakatazwa, akaomba tena, hadi siku mama alipokubali.

Jarida la National Geographic lilianza kuzichapisha habari hizi mwaka 1963, na mpigapicha Hugo van Lawick, ambaye baadaye alimwoa Jane, akaziweka kwenye filamu. Mwishoni mwa 1965 Wamarekani waliitazama Gombe kwenye televisheni zao. Walimwona Mike, dume mdogo wa umbo aliyegundua kwamba akiyasukuma madebe matupu ya mafuta ya taa mbele yake, yakigongana kwa kishindo, hata wakubwa wake hukimbia. Kwa madebe hayo akamwondoa Goliath kwenye uongozi mwaka 1964 bila kupigana. Debe la mafuta ya taa, chombo cha kila nyumba Kigoma, liliamua nani atawale milimani. Mwaka 1971 Jane akatoa kitabu kilichotafsiriwa kwa lugha nyingi, na watu wasioweza kuionyesha Kigoma kwenye ramani wakamjua Flo kama wanavyomjua shangazi yao.

Kulikuwa na misiba tangu mwanzo, nayo haikufichwa. Mwaka 1966 polio iliyokuwa imewapata watu wa vijiji vya jirani iliingia msituni. Jane na wenzake wakaweka chanjo ndani ya ndizi ili kuwaokoa sokwe waliozoea kuja kambini. Mzee McGregor alipooza miguu, akawa anajiburura kwa mikono, hadi ikabidi amalizwe ili asiteseke. Faben alinusurika lakini mkono wake mmoja haukufanya kazi tena. Akajifunza kutembea wima umbali mrefu. David Greybeard mwenyewe alitoweka mwaka 1968, wakati wa homa ya mapafu. Kila mmoja alililiwa. Hata hivyo Flo alikuwapo, na alipokuwapo Flo, hadithi ilikuwa na nyumba ya kurudia.

Mwaka huohuo wa 1968 Flo alijifungua mara ya mwisho. Mtoto aliitwa Flame. Flo alikuwa amechoka, na Flint, aliyekuwa na umri wa kuacha kunyonya, alikataa kuacha. Alilia, akampiga mama yake, akalazimisha kubebwa mgongoni wakati mdogo wake amebebwa tumboni, na usiku akajipenyeza kwenye kiota chao. Flame alipokuwa na miezi kama sita Flo aliugua sana. Alipopatikana amelala chini hoi, mtoto hayupo, wala hakuonekana tena. Flo akapona, Flint akarudia utoto wake. Akiwa na miaka mitano na zaidi bado alipanda mgongo wa bibi kizee aliyeyumba kwa uzito huo. Jane aliandika wazi kwamba Flo alishindwa kumwachisha kwa sababu ya uzee. Nadhani kila msomaji wa kitabu kile alihisi hatari inakuja, kama tunavyohisi tuliokulia kwenye hadithi za mfululizo za magazetini, tukiisubiri Jumapili tunayoiogopa.

Kitabu kilifunga kurasa zake Flo akiwa hai. Kwa msomaji, kwa hiyo, Flo alikuwa angali anakaa pale Kakombe na mwanawe, siku zote jioni, siku zote wakichambuana manyoya. Mwaka mmoja tu baadaye ukaja mwisho ambao kitabu hakikuwa nao.

Agosti 1972 Flo alikufa akivuka kijito cha Kakombe. Walimkuta amelala kifudifudi kando ya maji. Jane aliukesha mwili wake usiku ule ili nguruwe mwitu wasiufikie na Flint asije akauona umeraruliwa. Flint alikuwa pale. Alikaa karibu na mama yake, akamsogelea, akamtazama, akauvuta mkono wake kana kwamba anaomba achambuliwe. Siku ya tatu alionekana akipanda mti polepole, akatembea juu ya tawi, akasimama, akakikodolea macho kiota kitupu. Ni kiota alicholala na mama yake siku chache kabla. Kisha akashuka, akajilaza.

Kwa muda alifuatana na kaka yake Figan, akaonekana kuchangamka. Ghafla akaliacha kundi, akarudi mbio hadi pale Flo alipofia. Akaacha kula, macho yakaingia ndani, ugonjwa ukampata bila kinga. Safari yake ya mwisho, akipumzika kila baada ya hatua chache, ilimrudisha palepale kwenye kijito ulipokuwa mwili wa mama yake. Akakaa kwa saa kadhaa akiyatazama maji, akasogea kidogo, akajikunja, hakusogea tena. Yalikuwa yamepita majuma kama matatu hivi tangu kifo cha Flo. Alikuwa na miaka minane na nusu, umri ambao sokwe anaweza kujitafutia chakula bila mama.

Gazeti la Sunday Times la London lilichapisha taazia ya Flo, heshima ambayo mnyama wa porini huipata kwa nadra. Watu waliisoma wakalia. Wapo waliowacheka, wakisema ni ujinga kumlilia sokwe usiyemjua. Mimi sioni ujinga wowote. Ukimfuata mtu kwa miaka 10, ukajua anavyocheka na anavyowalea wanawe, kuondoka kwake kunakata kitu ndani yako, na haidhuru kama ulimjua kwa macho au kwa kurasa. Mwaka 1893 Arthur Conan Doyle alimuua mpelelezi wake Sherlock Holmes hadithini, wasomaji wa Uingereza wakafadhaika na kuliacha jarida lililokuwa likizichapisha. Shinikizo halikuisha, na miaka 10 baadaye mwandishi akamrudisha akiwa hai, akieleza kwamba kumbe hakufa. Wasomaji wa Flo hawakuwa na mwandishi wa kumwandikia barua za kumlalamikia. Hakuna aliyekuwa na kalamu ya kumfufua yule bibi.

Ufuko huu ulikwisha kupitia jambo la namna hiyo miaka 100 kabla. Novemba 1871, Ujiji, mwendo mfupi kusini ya Kigoma, Henry Morton Stanley alimkuta David Livingstone akiwa mgonjwa na amefilisika. Wakapanda mtumbwi pamoja kwenda kuona kama mto Rusizi unaingia ziwani au unatoka, wakafuata ufuko wa mashariki, wakapita chini ya milima hiihii ya Gombe. Rusizi ukaonekana unaingia. Dunia ikaisoma habari ya Ujiji gazetini, kisha kitabuni, ikaridhika: mzee amepatikana, kisa kimekwisha vizuri. Stanley akaenda zake Machi 1872. Mwisho wenyewe hakuuona.

Tarehe 1 Mei 1873 Livingstone alikufa katika kijiji cha Chitambo, kwenye nchi ambayo leo ni Zambia. Waliokuwapo ni Abdallah Susi, James Chuma, Jacob Wainwright na wenzao. Waliuzika moyo wake chini ya mti, wakaukausha mwili juani, wakaubeba kwa miguu kwa miezi hadi Bagamoyo, walikofika Februari 1874 wakiwa na daftari zake. Wainwright aliandika kumbukumbu ya safari. Susi na Chuma wakaenda Uingereza, wakakaa na Horace Waller aliyekuwa akizihariri daftari za mwisho, wakamweleza yale ambayo marehemu hakuweza kuyaandika. Kama si wao, Ulaya ingebaki na mkutano wa Ujiji peke yake.

Nimewataja kwa sababu lililotokea Gombe baada ya Flo linafanana sana na lao.

Mwaka 1973 Figan, akisaidiwa na kaka yake Faben mwenye mkono uliopooza, akawa dume mkuu wa kundi la Kasakela. Flo hakuwahi kuliona hilo. Lakini kundi lilikuwa limegawanyika. Madume kadhaa pamoja na majike wachache walikuwa wamehamia kusini, bonde la Kahama. Januari 1974 mtazamaji wa Kitanzania Hilali Matama, mmoja wa mahodari wa kazi ile, alikuwa nyuma ya kundi la Kasakela lilipovuka mpaka kimyakimya. Wakamkuta Godi, kijana wa Kahama, anakula peke yake juu ya mti. Humphrey, dume wa Kasakela, akamvuta mguu, akamwangusha, akamkandamiza kichwa. Wengine, Figan akiwamo, wakampiga na kumng'ata kwa dakika 10 hivi. Wakamwacha. Godi akajiinua, akaondoka akiwa na majeraha makubwa, wala hakuonekana tena.

Ilikuwa mara ya kwanza binadamu kushuhudia sokwe wakimvamia dume mwenzao kwa nia ya kuua. Aliyeshuhudia na kuripoti alikuwa mtu wa huku. Jane alikiri kwamba kwa miaka aliamka usiku akiziona picha zile. Hadithi ambayo dunia iliipenda kama kisa cha mama na watoto ilikuwa imegeuka vita, na vita vile viliendelea hadi 1978. Goliath, aliyeondolewa na madebe ya Mike, yule rafiki wa David Greybeard, alikuwa amezeeka na kujiunga na Kahama. Mwaka 1975 waliokuwa ndugu zake walimpiga hadi kumwacha mahututi. Mmoja baada ya mwingine madume wa Kahama waliuawa au walitoweka, wote. Kulikuwa na wasomaji, na hata wanasayansi, waliotamani habari hizi zisingetangazwa. Hao nao, naona, walikuwa wanaomboleza: walitaka ibaki ile Gombe ya Flo.

Kisha Gombe yenyewe ikakaribia kufungwa. Usiku wa tarehe 19 Mei 1975 watu wapatao 40 wenye silaha, waasi wa Laurent Kabila, walivuka ziwa kutoka Zaire, yaani Kongo ileile, wakashuka ufukoni, wakawakamata vijana wanne: wanafunzi watatu wa Chuo Kikuu cha Stanford cha Marekani na mtafiti mmoja wa Kiholanzi. Wakawavusha ng'ambo. Ilichukua majuma mengi ya mazungumzo na madai ya fedha hadi wote wanne warudi hai. Stanford ikawaondoa wanafunzi wake. Wageni hawakuruhusiwa tena kukaa Gombe kwa miaka, na Jane mwenyewe, aliyekuwa ameolewa mwaka huohuo na Derek Bryceson, mkurugenzi wa hifadhi za taifa, akahamia Dar es Salaam na kwenda Gombe kwa ziara.

Kwa mtu wa nje hapo ndipo mwisho ulipofika. Waandishi wameondoka, mhusika mkuu amekufa, kambi imenyamaza.

Wenyeji hawakuondoka. Hilali Matama, Hamisi Mkono, Eslom Mpongo na wenzao, watoto wa wavuvi na wakulima wa vijiji vya ufukoni, asubuhi walipanda milimani kama kawaida. Walikuwa wamekwisha kufundishwa kazi, na sasa ikawa yao. Waliandika kwa Kiswahili.

Kazi yenyewe iko hivi. Mtazamaji huamka kabla ya mapambazuko ili amkute sokwe angali kiotani, pale alipomwacha jana jioni. Sokwe akiamka, naye anaanza: saa anaandika, mahali anaandika, nani yuko naye, nani amefika, nani ameondoka. Njia yote inachorwa kwenye ramani. Sokwe akila matunda ya mchikichi, yanaandikwa. Akikaa nusu saa akimchambua mwanawe, inaandikwa. Akipenya chini ya vichaka vya miiba, mtazamaji anatambaa nyuma yake na daftari ndani ya mfuko wa plastiki. Mvua ikinyesha sokwe hukaa amejikunyata, na mtu hukaa pia. Giza likiingia, sokwe akikunja matawi kutengeneza kiota kipya, mstari wa mwisho unaandikwa, ndipo mtu ateremke kwenda kupika. Kesho yake tena. Zimepita hivyo zaidi ya miaka 50, na kwa kazi hiyo ya mikono Gombe ni mojawapo ya mahali ambapo wanyama wa porini wametazamwa kwa muda mrefu zaidi.

Wao ndio walioandika habari za Passion na binti yake Pom, katikati ya miaka ya 1970, waliokuwa wakiwanyang'anya majike wenzao watoto wachanga na kuwala. Wao ndio walioandika kwamba Faben hajaonekana tangu 1975, na Figan tangu 1982. Sokwe wengi hawafi mbele ya macho. Siku moja jina halipo kwenye daftari, wiki inapita, mwezi unapita, na mwisho wa habari unakuwa siku ya mwisho alipoandikwa. Kwa aliyemfuata toka utotoni hiyo ni simanzi ya pekee. Hakuna kaburi wala tarehe ya kushika.

Aliyebaki kati ya wale wa 1960 alikuwa Fifi. Yule aliyeombaomba kumbeba Flint akawa mama kuliko hata mama yake: watoto tisa. Freud na Frodo, Fanni na Flossi, Faustino na Ferdinand, na wengine, kila jina likianza kwa herufi ya nyanya yao. Wa mwisho alipewa jina la Kiswahili, Furaha. Freud, Frodo na Ferdinand walitawala Kasakela kwa zamu zao, hivyo damu ya Flo ikashika uongozi mara nyingi kuliko ya ukoo mwingine wowote. Mwaka 2004 Fifi na Furaha hawakuonekana. Walitafutwa. Hawakupatikana.

Hapo, kwa maoni yangu, ndipo hadithi iliyoanza 1960 ilipokwisha kweli upande wa msitu. Hakuna tena sokwe aliyekuwa hai aliyewahi kumwona David Greybeard akiutumbukiza unyasi wake. Magazeti machache ya nje yaliandika. Kigoma, watu walioanza kumfuata Fifi wakiwa vijana walikuwa wameshakuwa wazee, baadhi wamestaafu, baadhi wamezikwa Mwamgongo na Mtanga.

Upande wa binadamu ulikwisha tarehe 1 Oktoba 2025. Jane Goodall alifariki California akiwa na miaka 91, katikati ya safari ya mihadhara. Miaka 30 na zaidi ya mwisho wa maisha yake hakukaa mahali pamoja. Alizunguka dunia akiwasimulia watu habari za Flo na kuwaomba waiokoe misitu. Huku nyumbani taasisi yake ilianza mwaka 1994 kupanda miti pamoja na vijiji vilivyozunguka hifadhi, maana milima nje ya mpaka wa Gombe ilikuwa imebaki kipara kwa kuni, mashamba na wingi wa wakimbizi kutoka Burundi na Kongo. Rambirambi zilitoka kila bara. Nilizisoma nyingi, na nyingi zilimtaja Flo. Chache mno zilimtaja Hilali.

Hilo linanikera, na sitaki kulisema kwa kuzungukazunguka. Maelfu ya kurasa zilizoandikwa Gombe kwa Kiswahili zilichukuliwa Marekani miaka ya 1990, kwanza Chuo Kikuu cha Minnesota, kisha Duke, huko North Carolina. Zilipelekwa kwa nia njema: karatasi huoza upesi kwenye joto na unyevu wa ziwani, na huko zimehifadhiwa, zimetafsiriwa, zimeingizwa kwenye kompyuta. Makala nyingi za sayansi zimetoka humo. Kwa hiyo mwanafunzi wa Marekani anaweza kufuatilia siku moja ya maisha ya Fifi saa kwa saa. Mwanafunzi wa Mwanga, Kigoma, anaijua Gombe kama mahali wanapokwenda watalii.

Walioandika waliandika kwa lugha ya mwanafunzi huyu. Siku ya Godi iliandikwa na mtu wa kwao. Usiku ambao mtu alitembea saa mbili gizani kurudi kambini kwa sababu Fifi aliamua kulala bondeni Linda, umo ndani ya daftari zile au zinazofanana nazo. Wazao wa Flo wangalipo Kasakela na Mitumba, na vijana wa Mwamgongo na Mtanga wangali wanawafuata kutoka kiota hadi kiota. Kurasa zile zirudishwe, au nakala zake, zipigwe chapa kwa Kiswahili kama zilivyo, zenye tarehe, saa na majina ya walioshika kalamu, zianzie kwa Hilali na Godi zifike hadi Furaha. Ziuzwe sokoni Kigoma na Ujiji kwa bei ya daftari la shule.